Aliyefunga Ndiye Afunguaye

Hapo zamani, wala si zile zamani za fisi kwenda kuposa, ni zamani hizi hizi ambazo baadhi yenu mlikuwa bado mnanyonya, palikuwa na stesheni iitwayo Isulilo, huko bara ambako reli inanyooka mpaka macho yanachoka kabla yake. Msiniulize nimeyajuaje. Nilikuwepo. Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha pale jukwaani, sinia kichwani, na mtu mwenye sinia kichwani hainami, kwa hiyo hapitwi na kitu. Anayetaka kubisha aseme kwanza yeye siku ile alikuwa wapi.

Basi, Isulilo hapakuwa na jambo jingine ila saruji. Ng'ambo ya vilima walikuwa wanajenga bwawa, na bwawa lile lilikuwa na njaa ya saruji kama ng'ombe wa kiangazi. Saruji yenyewe haikuja kwenye mifuko. Ilikuja imemwagwa tu, unga mtupu, ndani ya mabehewa ya chuma mapana juu na membamba chini, mfano wa faneli ya kutilia mafuta ya taa. Kila behewa lina kifuniko juu na mlango mdogo chini. Wa chini ukifunguliwa, saruji inateremka shimoni, na toka shimoni malori yanaichukua.

Kwa maneno ni rahisi hivyo. Lakini unga wa saruji ukiuona umetulia utasema ni uji uliopoa, kumbe ni mnyama amelala. Unajifanya umeshikana, unajenga daraja mle ndani: juu pagumu, chini pango. Mtu akikanyaga lile daraja linavunjika, anakwenda nalo, na mle hamna hata kijiti cha kushika. Ndiyo maana wapakuaji wa Isulilo walikuwa na sheria zao, wakizisema kila asubuhi kwa pamoja kama watu wanaosali:

"Kabari kwanza. Kitambaa pili. Kifuniko tatu. Mlango wa chini mwisho. Na ndani asiingie mtu."

Kabari zinawekwa chini ya magurudumu ili behewa lisitembee. Kifuniko cha juu kinafunguliwa ili behewa lipumue wakati linamwaga. Lakini kitambaa, hapo ndipo penye hadithi yetu. Kila mpakuaji alikuwa na kitambaa chake chekundu chenye alama yake. Kabla hajaweka mkono kwenye behewa, anakifunga kwenye ndoano ya kuungia. Maana yake: hapa kuna mtu. Kikiwepo kitambaa, kichwa cha treni hakiligusi behewa, hata kama anayelisubiri ni waziri. Na aliyefunga ndiye afunguaye. Hufungui cha mwenzio hata kama unamwona kwa macho yako amekaa kivulini anakunywa chai, maana yeye atarudi chini ya behewa akiamini kitambaa chake bado kinamlinda.

Na mwenyewe asipoonekana? Basi kitafunguliwa na mkewe, au mama yake, kwa kuwa hao ndio wajuao kama mtu wao yupo au hayupo. Na kila mtu Isulilo alijua: mke akishafungua kitambaa cha mumewe, watu wanakwenda nyumbani kwake kutandika mikeka.

Katika wapakuaji hao alikuwepo mwanamke mmoja, Kabula, na mumewe, Shigela. Walifanya kazi behewa moja, mke upande huu, mume upande ule. Saruji ikigoma kuteremka, dawa yake ni kupiga ubavu wa behewa kwa nyundo ya mbao mpaka daraja livunjike lenyewe bila kuingiwa na mtu. Na kwa sababu mdomo na pua vimefungwa kitambaa cha vumbi, na macho hayaoni zaidi ya mkono, hao wawili walikuwa wanaongea kwa nyundo. Kabula anapiga mara mbili: ndu-ndu. Shigela anajibu mara moja: ndu. Maana yake uko wapi, na jibu lake nipo. Siku nzima ni hivyo. Ndu-ndu. Ndu. Wenzao waliwacheka wakachoka. Mpakuaji mmoja, Mhoja, kijana mwenye mdomo usio na breki, akawa akipita kwao jioni anagonga mlango ndu-ndu, halafu anakimbia.

Kabula aliwahi kumwambia shoga yake kwamba nyumbani Shigela alikuwa mtu wa maneno machache, ila kwenye behewa alikuwa msemaji.

Shigela alikuwa na ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa treni. Treni ya abiria ikipita anaacha kila kitu anaitazama mpaka behewa la mwisho linakuwa punje. Alikuwa anasema kwamba vitu vyote Isulilo vina safari ila wao: saruji inakuja na kuondoka, malori yanakuja na kuondoka, wao wanabaki na vumbi. Kabula akisikia hivyo anacheka na kumkung'uta mabega. Hakujua kwamba ugonjwa ule una siku yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, ndiyo ubaya wake. Hawakugombana. Asubuhi Shigela alikula, akavaa, akamwambia mkewe, "Jioni niwekee ukoko," maana alikuwa mpenzi wa ukoko wa ugali, ule wa kukwangua chunguni. Wakaenda kazini. Wakaweka kabari. Shigela akafunga kitambaa chake kwenye ndoano, akakikaza. Kabla kifuniko hakijafunguliwa, treni ya abiria ikaingia. Shigela akasema anakwenda kunywa maji.

Hakunywa maji. Alipita kando ya bomba, akapita kando ya sinia langu, akapanda treni kama mtu anayepanda kitandani kwake. Treni ikang'oka. Shigela akasimama mlangoni, akatazama upande wa behewa lake, akanyoosha mkono, akakunja ngumi na kuizungusha hivi, kama mtu anayekaza fundo. Kama anayesema: liacheni hivyo hivyo. Halafu vumbi.

Kabula alikuwa upande wake, nyundo mkononi. Akapiga ndu-ndu. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akazunguka behewa, akakuta mwanga wa jua na kitambaa.

Alikwenda jukwaani akawauliza waliokuwepo. Muuza mayai, yaani mimi huyu, nikamweleza habari ya mlangoni na ya mkono. Aliniambia nirudie ule mkono. Nikaurudia. Akarudi kazini.

Lile behewa lilikuwa bovu toka mwanzo. Mlango wake wa chini ulikuwa unafunguka nusu na kukwama. Walipolipiga na kulibembeleza likatoa sehemu ya mzigo, likagoma na uliobaki, basi likasukumwa kwa mikono ya wapakuaji wenyewe kidogo kidogo mpaka mwisho wa reli ya pembeni, kitambaa cha Shigela kikiwa bado ndoanoni, na likaachwa pale lisubiri mafundi. Mafundi hawakuja. Mihogo ikaanikwa, ikakauka, ikatwangwa. Behewa lipo, kitambaa kipo, Shigela hayupo.

Bwana Mbonde, stesheni masta, mtu muungwana ila mwenye haraka, alikuwa akimpita Kabula anasalimia kisha anauliza taratibu kama ameamua kukifungua. Na Kabula alikuwa na jibu moja tu, hakulibadilisha hata herufi: "Mume wangu hajatoka kazini."

Kila jioni alikwangua ukoko, akauweka kando kwenye kibakuli, akaufunika. Asubuhi akawapa kuku. Kuku wake walinenepa kuliko kuku wote wa Isulilo, na watu, mnavyowajua watu, wakasema Shigela amegeuka jogoo. Kabula alisikia. Hakugomba. Saa nyingine, akipita na nyundo yake kwenda kwenye mabehewa mengine, alisimama pale kwenye reli ya pembeni akalitazama lile fundo. Hakuligusa. Alitazama tu kama ndoano imelishika vizuri, kama mama anavyotazama mtoto aliyelala, kisha akaenda zake.

Basi, mvua za kwanza zikaanza kutishia. Makao makuu wakakumbuka kwamba wana behewa Isulilo. Wakatuma habari: litolewe mzigo uliobaki kabla haujanyeshewa ukawa jiwe, na kichwa cha treni kitakuja mchana kulivuta.

Asubuhi ile wapakuaji wakaenda wote. Wakasema sheria zao. Wakaweka kabari mpya, wakafunga vitambaa vyao kando ya kile cha Shigela, wakafungua kifuniko, wakapambana na mlango wa chini. Saruji ikatoka kidogo, ikakwama. Wakapiga. Ikatoka kidogo, ikakwama. Jua likawa kali, njaa ikauma, wakakubaliana wakale kwanza, warudi na nguvu. Kila mmoja akafungua kitambaa chake. Kikabaki kile kimoja.

Mhoja hakwenda kula. Mkewe, Holo, alikuwa na uchungu toka alfajiri, na yeye alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Alitaka kazi iishe akimbie nyumbani. Wenzake walipoondoka akasema moyoni, haya alikuja kuyasema mwenyewe baadaye: nikipanda juu nikachokoa kwa mti mara moja tu, daraja litaanguka, nimemaliza. Akatia mkono mfukoni atoe kitambaa chake. Akakiona cha Shigela. Akasema, "Kwani hiki si kipo? Kimekaa miezi yote kinamlinda nzi. Leo kinilinde mimi." Akakirudisha chake mfukoni, akapanda, akaingia.

Mnaona kosa lile. Mtu wa nje asingelifanya, maana hajui maana ya kitambaa. Alilifanya anayejua.

Alichokoa mara moja. Daraja likaanguka kama alivyotaka, ila lilianguka naye. Saruji ikamshika miguu, ikamshika kiuno, ikamfika kwapani, ikatulia. Mkono mmoja ukabaki juu na ule mti. Alipofungua mdomo kupiga kelele, vumbi likaingia kwanza. Akajua kwamba akijitikisa anazama. Wenzake kule kwenye chakula walipomkosa walisema amekwenda kwa mkewe, na nani angemlaumu.

Kichwa cha treni kikafika mapema kuliko kilivyotazamiwa. Dereva wake alikuwa Mgogo, jina lake Chilewa, mtu mrefu mwembamba ambaye maisha yake yote yalikuwa kwenye reli. Na kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani, Isulilo hakuna aliyemwita dereva. Walimwita mtani. Bwana Mbonde akamwambia aunganishe haraka, kuna treni inayohitaji njia. Chilewa akashuka, akaenda mpaka kwenye ndoano, akarudi, akazima injini, akakaa juu ya reli. Akanunua yai kwangu.

Stesheni masta akamfuata. Akamweleza kwamba kitambaa kile ni kikuukuu, cha mtu aliyekimbia na kumwacha mkewe, hata watoto wanajua. Chilewa akamenya yai lake.

"Bwana mkubwa," akasema, "mimi sikufundishwa kitambaa kipya na kitambaa kikuukuu. Nimefundishwa kitambaa."

Akatishiwa kuandikwa kwa wakubwa wake. Akatia chumvi. Akasema Wanyamwezi wana vichekesho, wameacha kubeba mizigo kichwani, sasa wanataka Mgogo awavutie na wafu wao. Hapo Bwana Mbonde akashindwa, akamfuata Kabula kule kwenye chakula.

Akasimama mbele yake, akavua kofia. Akamwambia, "Mama, leo sikuulizi. Leo nakuomba."

Kabula akanawa mikono. Akainuka. Wapakuaji wote wakaacha sahani wakamfuata kwa nyuma kama watu wanaofuata jeneza, na njia nzima hakuna aliyetania. Mimi nilikuwa upande, na sinia.

Akafika kwenye ndoano. Akashika fundo. Fundo likakataa. Miezi yote ile ya vumbi la saruji na umande wa alfajiri ilikuwa imeligeuza jiwe. Akajaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno, akaacha. Wengine walidhani atasema basi. Lakini alikuwa ameshavua kilemba na kukiweka begani, na mwanamke akishafanya hivyo mbele za watu, amekwisha kukata shauri. Akachukua nyundo yake alivunje lile fundo.

Akapiga. Na mkono, mkono una mazoea yake, haukujua kupiga mara moja. Ukapiga mara mbili. Ndu-ndu.

Ndani ya behewa kukajibu: ndu.

Nyundo ikabaki hewani. Kabula akasogeza shavu kwenye kile chuma cha moto, akasema polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege:

"Shigela?"

Watu wakatazama chini. Kuna kuona aibu kwa niaba ya mtu mpaka miguu inawasha. Bwana Mbonde akasema kwa upole kwamba ni chuma tu, chuma kikichomwa na jua kinalia. Kabula hakumtazama. Alikuwa ameyasubiri maneno yale mwezi baada ya mwezi, akiyasikiliza kwenye bati la paa, kwenye mchi wa jirani, na sasa yamekuja, na yeye anajua sauti ya behewa tupu, na ya lililojaa, na ya mtu. Akapiga tena. Ndu-ndu.

Ndu.

Safari hii walisikia wote. Chilewa akasimama, yai likaanguka.

Wakapanda, na kila aliyepanda alifunga kitambaa chake kwanza. Wakachungulia. Wakamwona Mhoja amebaki kichwa na mkono ulioshika ule mti, kijivu kama sanamu. Mmoja alitaka kukimbilia mlango wa chini aufungue mzigo umwagike, wakamkamata shati, maana mlango ule ungemmeza Mhoja kwanza. Hawakumvuta pia. Saruji ikishamkumbatia mtu, ukimvuta anakatika yeye. Walimpitishia kamba kwapani ili tu asizame zaidi, wakalala juu ya mbao, wakazamisha mbao nyingine kumzunguka pande zote kama wanamchongea sanduku, wakachota ndani ya sanduku kwa karai. Karai, karai, karai. Kifua kikaonekana. Kiuno kikaonekana. Magoti yakaonekana. Hapo ndipo wakamwinua.

Chilewa alikuwa chini, amekaa mbele ya gurudumu la behewa lile, mgongo kwenye kabari, kana kwamba yeye ndiye kabari ya pili. Alisema baadaye kwamba angeunganisha na kulivuta, mshtuo mmoja tu wa kuanza ungetosha. Saruji ingetulia upya, na mle ndani pasingekuwa na wa kujibu.

Mhoja alipowekwa chini walimwosha macho kwa maji mengi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Amejifungua?"

Alikuwa amejifungua, jua lilipokuwa utosini, wakati ule ule.

Na Kabula? Kabula alisimama pembeni akamtazama yule mtu aliyetoka. Akamtazama vizuri, kuanzia miguuni hadi kichwani, kama mtu anayehakikisha. Kisha watu walipotawanyika akarudi kwenye ndoano, akalivunja lile fundo, akakifungua kitambaa cha Shigela kwa mkono wake. Kitambaa kinasema hapa kuna mtu. Mtu ametoka. Hakuwa na la kukiambia tena. Akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Chilewa akaunganisha behewa, akalivuta polepole sana, na reli ya pembeni ikabaki tupu, nyasi fupi zilizoota chini ya behewa zikionekana nyeupe kama mvi.

Jioni ile hakukwangua chungu. Ukoko uliungulia mle mle.

Sasa sikilizeni. Mama yake Mhoja, Milembe, alikuwa mwanamke wa kauli. Mtoto alipotolewa nje akawaita watu uani kwake, na Chilewa aliyekuwa amerudi na treni yake akaitwa pia. Akasema, "Mjukuu wangu huyu alikuwa anazaliwa na kufiwa saa ile ile. Amekuta baba. Basi ataitwa kwa jina la yule aliyemwachia baba. Jina halivai suruali wala gauni, kwa hiyo hata wanawake semeni."

Wa kwanza kusimama, mtanisamehe, alikuwa Bwana Mbonde. Alidai kwamba bila yeye kumpeleka Kabula kwenye ndoano, Kabula asingepiga, na asiyepiga hajibiwi. Watu wakacheka, na Milembe akamwambia, "Ulimpeleka akafungue, baba. Kaa." Akakaa, na kwa haki alicheka yeye mwenyewe kuliko wote.

Akasimama Chilewa. Akaanza kwa utani, kwamba mtoto akipewa jina la Kinyamwezi atakua anabeba mizigo, la Kigogo atakua anaivuta. Kisha akaacha utani, na sauti ikashuka.

"Nimesimama nikiamriwa kwenda," akasema. "Nimeitwa mkaidi. Wengine wote walifanya jambo kwa ajili ya mtu waliyemjua. Mimi nilikataa kwa ajili ya mtu nisiyemjua, wala sikujua kama yupo. Tena nawaambieni, watani zangu: jina langu linapita tu. Linafika stesheni hii, linapiga honi, linaondoka. Nimepita milango mingi, hakuna hata mmoja ambao jina langu limekaa ndani. Nilikuwa natamani likae mahali pamoja, litambae, liote meno."

Chilewa akakaa.

Watu wakasema basi, na Kabula asemewe. Wakamsemea. Nani aliyekilinda kile kitambaa? Kabula. Nani aliyebebeshwa maneno ya jogoo asifungue? Kabula. Nani aliyesikia ndu pale wengine waliposikia chuma? Angefungua mwezi ule wa kwanza alipoulizwa, leo pangekuwa na matanga. Aitwe Kabula. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele kabla ya wakati.

Kabula akainua mkono, wakaacha.

"Mayu," akamwambia Milembe, kama wanavyomwita mama kwao, "jina langu mnaliita kila siku. Kabula njoo, Kabula leta, Kabula umeamua? Halina shida. Mimi naomba la Shigela. Yeye ndiye aliyefunga. Mimi nilikikuta kimefungwa, na mtani alikikuta kimefungwa."

Milembe hakupenda. Akasema, "Mwanangu, Shigela alikimbia. Mtu amesahau jembe shambani, nyoka akajikata nalo, nasi tumwite mwindaji? Mjukuu wangu nimpe jina la mgongo?"

"Hakusahau," Kabula akasema. "Alinyoosha mkono. Alionekana mlangoni akikaza fundo. Alitaka likae." Akalishika pindo la kanga yake. "Na hata kama si hivyo, mayu. Lile jina nimebaki nalitaja peke yangu, tena kimoyomoyo. Behewa limekwenda. Nataka jioni nikipita hapa nisikie mtu analiita kwa sauti. Shigela, njoo ule. Na mtu aitike."

Chilewa akajibu kutoka alipokaa, bila ukali. Alisema fundo halisimamishi treni, shemeji. Fundo ni kitambaa tu. Anayesimamisha treni ni mtu anayeliheshimu. Na mtu mmoja akasema kwa nyuma, je, na anayelisubiri? Na mwingine akasema, je, na aliyelifunga? Wakaanza upya, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, mpaka mtoto akaamka akalia, na Milembe akampakata akawatazama mmoja mmoja, dereva aliyekataa, mke aliyengoja, na mahali patupu ambapo Shigela angekaa.

Mimi hapo namwacha na mtoto mapajani. Jina alilotaja nalijua, nilikuwepo, ila sitawaambia mpaka nisikie la kwenu.

Lakini kabla hamjaanza kubishana, kuna kitu kimoja niliongeza mimi. Kimoja tu, mengine yote ni kweli tupu. Ule mkono. Mlango wa treni ulijaa watu siku ile, na Shigela nilimwona mgongo. Hakugeuka. Hakunyoosha kitu. Kabula alikuja akanisimamia mbele na nyundo yake, vumbi limemjaa kwenye kope, akaniuliza alisema nini, na mimi sikuwa na cha kumpa zaidi ya mayai. Nikampa mkono. Alipotaka niurudie, nikaukaza vizuri zaidi.

Na kwa mkono ule ambao Shigela hakuunyoosha, Kabula hakufungua, Chilewa akakuta kitambaa, Mhoja akamwona mwanawe. Kwa hiyo msinipite haraka, na mimi nina jina, tena zuri.

Haya. Ule mkono utoeni mniachie mwenyewe. Wamebaki Shigela aliyefunga akasahau, Kabula aliyengoja ahadi isiyotolewa, Chilewa aliyemheshimu mtu asiyekuwepo, na mwongo mmoja mwenye sinia. Je, nani alistahili jina lile?